Klima ya Gari la Maharusi

Masika mwanangu,

Umetoka kuwaaga majirani wa parseli, tunaoishi nao ua mmoja, nami nimekaa kwenye benchi ya garaji na kalamu, vidole bado vinanuka grisi. Kesho utapanda basi la Bunagana, utazunguka kwa Uganda mpaka Kasindi, kisha Butembo kwa mama yako. Mambo ya kuficha simu, ya kutokula ovyo barabarani, ya kufunga zipu ya begi na kufuli, mama yako ameshakuambia yote kwa simu, tena mara nyingi kuliko ulivyotaka kuyasikia. Mimi nakuandikia yale ambayo tangu mwezi wa kwanza tunayapitia kando, mimi na wewe, kama watu wanaokwepa shimo barabarani bila kulitazama.

Ulikuwepo, najua. Lakini wewe ulikuwa upande wako wa mlango na mimi upande wangu. Nataka ujue upande wangu ulikuwaje. Sitaki unihurumie. Nataka tu usiondoke na nusu ya habari.

Papa Mugisho ulimjua kama mtu wa kucheka na kukuletea biskuti. Mimi nilimjua alipofika hapa Goma kutoka upande wa Bukavu, karani mwembamba mwenye shati moja zuri. Baadaye alifanya biashara ya vitambaa akanenepa kidogo, lakini kitu alichokipenda kweli ilikuwa Mersedesi nyeupe aliyoachiwa na marehemu baba yake. Gari hilo limenizidi umri. Taa za mviringo, usukani mpana kama sinia, viti vyekundu vya ngozi alivyokuwa akivipaka mafuta kwa mkono wake. Alilikodisha kwa ndoa. Hapakuwa na Jumamosi bila bibi arusi ndani yake, na maua yamefungwa mbele.

Shida ilikuwa vumbi. Unajua vumbi letu la mawe ya volkano, jeusi, linaloingia hata ndani ya saa ya mkononi. Ukifungua madirisha, bibi arusi anafika kanisani amechafuka. Ukiyafunga, anafika amelowa jasho, maana ndani wamo yeye, msimamizi wake, shangazi mmoja aliyekataa kupanda gari lingine, na watoto wawili wa kushika maua, na jua linapiga kioo.

Siku moja Mugisho alikuja hapa garajini amekunja uso.

“Paluku, ndugu yangu, jana bibi arusi ameshuka mbele ya kanisa, shela imekuwa nyeusi kama gunia ya makala. Mama yake ameniangalia kama mwizi. Unitiliye klima, ile mashine ya baridi, ndani ya hii gari.”

“Hii injini ni muzee,” nilimwambia. “Klima ya kawaida inavutwa na mukanda wa injini. Kwa ndoa munatembea pole pole, nyuma ya fanfare ya tarumbeta. Itachemuka katikati ya barabara, na bibi arusi atamaliza safari na miguu.”

“Basi tafuta ya bila mukanda. Wewe si fundi wa baridi?”

Neno hilo lilinishika. Miezi mingi nilitafuta, mpaka nikapata kompresa ya umeme iliyotolewa kwenye lori kubwa lililopata ajali, ile inayompoza dereva anapolala pembeni ya barabara injini ikiwa imezimwa. Nilibadilisha dinamo nikaweka yenye nguvu. Nikatia batri mbili nyuma, penye mizigo. Radieta ndogo ya klima nikaibana mbele, nyuma ya ile grili ya nikeli, kwa sababu Mugisho aliapa kwamba nikitoboa hata tundu moja linaloonekana kwa nje hatanisalimia tena. Chini ya dashibodi nikakata chuma, nikapitisha mabomba, nikajaza gesi. Ulikuwa unaniletea chai, inapoa, unaichukua, unaleta nyingine.

Siku klima ilipokubali, Mugisho aliingia ndani na koti lake la misa, akafunga madirisha yote, injini imezimwa kabisa, akakaa. Alikaa sana. Nilianza kuogopa. Alipofungua mlango macho yake yalikuwa na maji.

“Nimesikia baridi ya asubuhi ya kwetu Kabare,” akasema. “Ile ya nilipokuwa mutoto, tunaenda kuchota maji.”

Nakuambia haya ili ujue kwamba kitu chenyewe kilikuwa kizuri. Kilifanywa na watu wawili waliopendana, kwa ajili ya furaha ya watu wengine. Ubaya haukuanzia hapo.

Ulianzia kwangu, na zamani. Mimi ni mtu anayependa kitu kinachotii. Frigo ukiifanyia sawasawa, inatii. Mtu hafanyi hivyo. Mtu unamfanyia sawasawa na bado analia. Kwa hiyo tangu ujana wangu, nyumbani kukiwa na neno gumu, mimi nilikuwa na kazi mahali. Komunyo yako ya kwanza niliipata mwishoni kwa sababu ya chumba cha baridi cha hoteli moja. Ulikuwa umeniwekea kipande cha keki ndani ya sahani, umekifunika na kitambaa. Nilikila nimesimama, nikakueleza habari ya kompresa yao. Uliitikia kwa adabu. Ulikuwa na gauni jeupe na mimi nilikueleza habari ya kompresa.

Halafu vita ikaingia mjini.

Sitaeleza mabomu, uliyasikia kama mimi, tulilala chini ya kitanda kimoja. Mama yako alikuwa Butembo anamuuguza bibi yako, barabara imefungwa, simu hazipiti. Hapakuwa na umeme wala maji. Mersedesi ilikuwa hapa kwetu Majengo, nilikuwa nimeibadilishia breki kwa ajili ya ndoa ambayo haikufanyika.

Papa Mugisho alipigwa risasi kwake, mtaa wa Mapendo, akifunga geti. Hakuwa anakimbia wala kuchungulia. Alikuwa anafunga geti. Milio ilipotulia kidogo, mke wake, Mama Neema, na shemeji yake walimleta hapa wamemlaza juu ya mlango wa nyumba waliokuwa wameung'oa. Mama Neema hakulia. Alisema kama mtu anayetoa maagizo sokoni.

“Morgi ya hospitali imejaa maiti. Hakuna kuran, umeme imekatika. Wanalaza watu chini, mumoja juu ya mwingine. Neema iko Bukavu, mashua zimesimama, lakini atakuya, ni mutoto wake mumoja tu. Paluku, umushikiye baridi mupaka mutoto amuone. Ile klima mulitia nyinyi wawili.”

“Nitamushikia,” nilijibu.

Sikufikiri. Jibu lilitoka kama pumzi. Na hata leo sioni jinsi ningeweza kumjibu vingine mwanamke yule.

Tulitoa kiti cha mbele, wewe ulishika spana. Tukapitisha ubao kutoka dashibodi mpaka kiti cha nyuma, tukamlaza rafiki yangu ndani ya gari lake. Vioo tukavifunika na mablanketi. Nikawasha. Klima ya gari si morgi, nilijua hivyo, lakini Goma si mji wa joto, na nilikuwa nimefunika kila upenyo. Nilitia kipimo cha baridi kwenye dirisha. Mshale ulishuka, ukaendelea kushuka, ukakaa. Kila batri zikianza kuchoka nilikuwa nawasha injini ili dinamo izijaze, kisha nazima. Esanse, yaani petroli, ilikuwa bido moja tu, dumu moja, na mjini haikupatikana kwa bei wala kwa machozi.

Kesho yake asubuhi uliingia garajini bila viatu.

“Papa, yaya Nyota uchungu umemushika tangu usiku. Maji imetoka. Mutoto anakuya mubaya, mama mukubwa wa kule nyuma anasema mukono ndio unatangulia. Tumupeleke ku materinite ya hospitali.”

Nyota, jirani yetu wa mlango wa tatu, unayemwita yaya kama dada yako mkubwa, aliyekusuka nywele tangu ukiwa mdogo. Mimba yake ya kwanza. Mume wake alikuwa ameenda Kasindi kutafuta bidhaa, barabara ikamfungia huko.

“Na gari gani?” nilikuuliza.

Uliangalia Mersedesi.

“Tumutoshe Papa Mugisho ndani ya gari kwanza,” ukasema. “Tumulaze ndani ya nyumba. Tukirudi tunamurudisha.”

“Tukienda na kurudi, esanse inaisha. Na batri zitakufa. Nimeahidi Mama Neema.”

“Papa, yeye amekwisha kufa.”

“Nimeahidi, Masika. Na inje wanapiga risasi. Muite watu wamubebe.”

Ulisimama kidogo. Sijui ulikuwa unangoja nini, labda unangoja baba yako atoke ndani ya yule mtu aliyekuwa akisema. Kisha ukaondoka unakimbia.

Ahadi ilikuwa kweli. Risasi zilikuwa kweli. Esanse ilikuwa kidogo kweli. Ningesimama mbele ya padiri yeyote na sababu hizo tatu na asingenishika uongo. Lakini ulipokuwa unasema na mimi, Masika, nilikuwa nimeshika kipimo mkononi, na kilikuwa kimekaa pazuri. Mji mzima umezimika, hospitali zimeshindwa, na mimi Paluku, ndani ya garaji ya mabati, nimeshikilia baridi. Nilikuwa na fahari. Rafiki yangu yuko amekufa hapo mbele yangu na mimi nina fahari. Ulikuja kuniomba nizime kitu kilichokuwa kikinitii.

Uliyoyafanya baada ya hapo niliyasikia kwa watu, maana wewe hujanisimulia hata siku moja. Mlitandika godoro juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Wanaume wawili wa parseli walisukuma, wewe ulikuwa pembeni umemshika Nyota mkono na kumfunika na kitenge chako. Risasi zilipozidi mlijificha nyuma ya ukuta wa mawe, ndipo mtoto akatoka, na alipotoka alikuwa amekwisha kuchoka, hakulia. Mlifika materinite na Nyota akiwa hai. Wale wanaume waliniambia kwamba hukuachia mkono wake hata mara moja.

Ulirudi jua limepanda. Uliomba maji ya kuoga na hayakuwapo, nikakupa yale niliyokuwa nimeyaweka ya radieta. Nguo zako zilikuwa na damu mpaka kifuani. Uliponipa mgongo ili uende nyuma ya nyumba, ulisema:

“Alikuwa mutoto mwanaume.”

Basi. Ni hilo tu umewahi kuniambia.

Esanse iliisha mchana huohuo. Jioni batri zikafa. Kulipokucha tulijua wote kwamba hatuwezi kungoja tena, na kwamba hata kama ningelinunua ziwa zima la esanse, mashua zilikuwa bado zimesimama. Tulimzika upande wa Kibati, bila padiri, katekista ndiye aliyesali. Ardhi ya kule unaijua, sururu inaruka juu ya mwamba. Kaburi halikwenda chini sana. Tulipanga mawe juu yake mengi. Mama Neema alinishika mikono yote miwili akanishukuru mbele ya watu. Ile asante iliniunguza kuliko tusi.

Neema alifika mashua zilipoanza tena kutembea. Alikuja hapa, akakaa kwenye benchi hii ninayoandikia. Nilimweleza yote: ubao, mablanketi, kipimo, jinsi nilivyomshikia baba yake baridi mpaka tone la mwisho. Nilieleza vizuri. Nadhani nilitaka asante nyingine, labda hiyo ingefuta ile ya kwanza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, “Na yule mama wa chukudu? Mama yangu amesikia kwa watu.”

Nikamweleza na hilo.

Aliangalia gari. Ana paji la uso la baba yake, kabisa kabisa. Kisha akasema polepole, bila hasira:

“Papa Paluku, mimi nilimujua papa yangu. Angeweza, angeshuka yeye mwenyewe kwa ile gari, hata na kufa kwake, apishe yule mama.”

Alikuwa anasema kweli. Nilifanya yote kwa ajili ya Mugisho, na katika yote niliyoyafanya sikumuuliza Mugisho hata mara moja. Ningemuuliza, hata pale alipolala, ningelijua jibu.

Wiki ile niliitoa klima. Hakuna aliyeniambia niitoe. Nilifungua mabomba, nikatoa kompresa, batri, vyote. Chini ya dashibodi yamebaki matundu niliyoyakata. Sasa ndoa zimeanza tena, kidogo kidogo, kwa sababu watu hawaachi kuoana. Shemeji yake Mugisho ndiye anayeendesha. Vumbi linaingia kwa madirisha na kwa matundu yangu, na mabibi arusi wanafika kanisani na shela za kijivu. Nikisikia fanfare inapita, ninaingia ndani.

Kwa Nyota nilichelewa kwenda. Nilikuwa nikiona kitenge chake kwenye kamba ya nguo nageuza njia. Nilipokwenda hatimaye, alikuwa anafua pale kwenye bomba. Nilisimama mbele yake kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Nikamwambia, “Nyota, nilikukosea. Gari lilikuwepo.”

Hakuacha kufua. Akasema:

“Papa Masika, nilikuwa nasikia injini.”

Sikuelewa.

“Ile asubuhi. Mimi niko chini, nimeshika muguu ya kitanda, na nasikia Mersedesi inawaka. Nikasema, asante Mungu, banakuya kunibeba. Halafu inazimika. Halafu inawaka tena. Kila ikiwaka nilisema, sasa ndio banakuya.”

Ndiyo yote aliyosema. Akaendelea kukamua nguo yake.

Masika, nimeishi na sauti nyingi za vita ile. Sauti ninayoisikia kila siku ni ya injini ile, na siisikii kwa masikio yangu, naisikia kwa masikio yake.

Unakwenda Butembo kujifunza kuzalisha akina mama. Hukuniambia kwa nini umeichagua kazi hiyo ukaacha uhasibu uliokuwa ukiusema, nami sikukuuliza. Nilipewa neno moja tu na wewe na nimelielewa. Sina la kukufundisha katika kazi hiyo. Ninachokijua mimi ni kidogo, na nilikilipia vibaya: itafika siku utakuwa umeshika kitu unachokiweza vizuri, kimekaa sawasawa mikononi mwako, na mtu atasimama mlangoni anasema. Geuza uso wako umtazame. Sisemi daima umfuate. Mara nyingine utakuwa wewe ndiye mwenye haki. Lakini mtazame kwanza, maana mimi sikukutazama. Nilitazama kipimo.

Kuhusu ahadi, sijui. Nimeligeuza jambo hilo usiku na mchana na bado sijui. Watu wa kwetu hawachezi na neno walilompa mfiwa, nami nisingependa uwe mtu wa kucheza nalo. Najua tu kwamba Mugisho angeweza kungoja na mtoto yule hakuweza.

Mama yako hajui. Kwa simu nilimwambia tulimzika Mugisho vizuri na kwamba Nyota alipoteza mtoto, kama mambo mawili yasiyofahamiana. Ukifika, atakuuliza kwa nini umekonda na kwa nini unaamka usiku. Mwambie. Mwambie yote, usinipunguzie. Akitaka kunipigia simu kunikaripia, nitaipokea. Nimekuwa mtu wa kukimbilia kazi kila neno gumu linapoingia nyumbani, na katika nyumba hii sasa hakuna mtu wa kumkimbia, nitabaki mimi na mabati.

Sikuombi unisamehe kabla hujaondoka. Msamaha wa stendi ya basi, mtu anautoa kwa sababu dereva anapiga honi. Chukua muda wako wote. Hata ukiwa mrefu kuliko maisha yangu, ni wako.

Kuna jambo moja ambalo hulijui bado. Leo jioni, kabla sijaketi kuandika, Nyota alipita hapa garajini. Tangu siku ile ya bomba ananisalimia akipita, jambo asilolazimika kulifanya. Leo alisimama mlangoni. Mimi nilikuwa na spana mkononi, nikaiweka chini.

“Masika anaenda kesho,” akasema.

“Ndiyo, mama. Kesho asubuhi.”

“Mimi ndiye nitamusindikiza ku basi. Yeye alinisindikiza.”

“Na mimi?” nilimuuliza. Nilisikia sauti yangu imekuwa ndogo.

Aliniangalia kwa muda mrefu. Sikuona msamaha usoni mwake, nisikudanganye. Niliona mtu amechoka ambaye anahesabu mzigo na mikono iliyopo.

“Wewe utabeba begi,” akasema, akaenda.

Basi kesho utatangulia na yaya wako, nami nitafuata nyuma na begi lako. Ukigeuka ukaniona nimenyamaza, ujue niliyokuwa nayo nimeyaweka hapa.

Papa yako,
Paluku